Leseni ya jeti ski ianze kwa kiongozi: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.
Nakala: Kamisheni ya Utalii Zanzibar, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Nina ombi moja, nalitaja mwanzo kabisa. Kijana anayewaongoza wageni kwa jeti ski katika bahari ya Kaskazini Unguja atahiniwe na Mamlaka yako, apewe leseni kwa jina lake mwenyewe, na leseni hiyo impe haki ya kumkatalia mgeni na hata tajiri wa chombo. Mashine mnaweza kuikagua na kuiandika namba ubavuni, bima mnaweza kuidai. Lakini anayemrudisha mgeni pwani mzima, na anayemwachia mvuvi mtego wake salama, ni yule anayetangulia mbele.

Sitaki jeti ski zipigwe marufuku. Wapo majirani zangu wanaotaka hivyo, nami huwasikiliza, maana kelele wanazipata wao na kamba zinazokatwa ni zao. Hata hivyo kazi hii imewapa vijana wetu riziki pale pale walipozaliwa, na safari yenyewe ikiongozwa vyema ni nzuri mno. Kuiona Nungwi kutoka baharini, mnara wa taa kwenye ras na majahazi yanayoundwa ufukweni, huku maji chini yako yakigeuka kutoka weupe wa mchanga hadi buluu nzito, ni raha ambayo hata sisi wenyeji tunastahili kuionja. Wengi wetu hatujawahi.

Mimi niliionja msimu wa kaskazi, nikiwa na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Maskati. Tulianza asubuhi maji yakijaa, tukazunguka ras, tukateremka upande wa mashariki kuelekea kisiwa cha Mnemba. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Nungwi, mtoto wa mvuvi. Kabla hajamruhusu mpwa wangu kuondoka, alimfunga mkononi ile kamba ya kuzimia injini, akaiwasha mashine, akaivuta kamba kwa nguvu mpaka injini ikazimika, ndipo akairudisha mahali pake. Akamwambia, "Ukiona kitu mbele yako usiachie mafuta. Ukiachia mafuta, usukani haukusikilizi. Punguza kidogo, kata kona, ukishapita ndipo uachie."

Maneno hayo machache yana uzito kuliko karatasi yote ya masharti tuliyotia saini. Jeti ski haina panga nje wala usukani ndani ya maji. Huvuta maji chini ya tumbo lake na kuyasukuma nyuma kwa kishindo, na mdomo ule wa nyuma ndio unaogeuka kushoto na kulia. Maji yasiposukumwa hakuna cha kuigeuza. Mtu aliyezoea gari akishtuka huondoa mguu kwenye mafuta. Akifanya hivyo juu ya jeti ski, hasa zile za zamani, chombo humpeleka moja kwa moja kwenye kile kile alichokuwa anakikimbia. Na mashine hizi, zikifunguliwa zote, zipo zinazopita kilomita 100 kwa saa. Mgeni aliyetua juzi hana namna ya kulijua hilo asipoambiwa, tena kwa lugha anayoielewa, tena kabla hajazidiwa na furaha ya kuondoka.

Kuna jambo jingine ambalo sikumsikia kiongozi yeyote akilisema ufukweni, ingawa kiwanda kimelibandika kwenye mashine. Abiria anayeanguka kwa nyuma wakati chombo kinachomoka anaweza kupigwa na mkondo wa maji unaotoka pale mdomoni, na mkondo ule una nguvu ya kupenya mwilini na kurarua viungo vya ndani. Ndiyo maana watengenezaji wanashauri kuvaa suruali nzito ya kuogelea. Wageni wetu wanapanda na kichupi. Akiumia mtu hivyo nje ya Mnemba, fikiria safari yake: boti mpaka pwani, gari mpaka hospitali ya Kivunge, na pengine kutoka hapo mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini. Nungwi hadi mjini ni zaidi ya kilomita 50. Damu haisubiri mwendo huo.

Narudi kwa kijana yule, maana kwake nilijifunza kazi ya kiongozi ni ipi. Tulipokuwa tunashuka na ufukwe wa mashariki aliinua mkono ghafla, akapunguza, akatuvuta nje kwa mzunguko mpana. Mimi sikuona kitu. Baadaye nikayaona madumu mawili ya mafuta ya kula, yamefifia rangi, yanaelea mbalimbali. Mgeni angedhani ni taka. Yalikuwa maboya ya madema, mitego ya samaki. Kamba ya dema ikivutwa na tundu la kuvutia maji lililo chini ya jeti ski hujisokota kwenye mtambo, injini inakufa, na mvuvi anapoteza boya, na dema lenyewe linabaki chini ya maji asijue pa kulitafuta. Mbele kidogo palikuwa na mzee ndani ya mtumbwi wa mti mmoja, anavua kwa mshipi. Kijana akatusimamisha mbali, tukapita taratibu, mzee akanyanyua mkono. Mawimbi ya mashine tatu zikienda kasi yanatosha kuujaza maji mtumbwi wa namna ile.

Maji yakipwa kazi inazidi. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na upande wa mashariki hurudi nyuma mpaka miamba ikabaki uchi. Hapo ndipo kina mama wanapotoka kutafuta pweza na chaza, na wakulima wa mwani wanapokwenda kwenye vigingi vyao, kazi iliyoanza Unguja mwaka 1989 na ambayo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake. Maji yanaporejea, vigingi na kamba vinafunikwa kidogo tu, havionekani kwa anayekuja mbio. Jeti ski inahitaji kina cha karibu mita moja ili isifyonze mchanga na majani. Kiongozi asiyejua jedwali la maji, mlango wa mwamba uko wapi, na mashamba ya mwani yanaanzia wapi, anawapeleka watu wake pasipo njia.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya niandike. Mnemba ni kisiwa kidogo, mzunguko wake haufiki kilomita mbili, na bahari inayokizunguka ni eneo la hifadhi tangu mwaka 2002. Mgeni wa kawaida hashuki kisiwani. Anachokijia kiko majini, nacho ni matumbawe, kasa na pomboo. Tulipokaribia, pomboo walikuwepo, kundi dogo lenye mtoto mmoja aliyebanana na mama yake. Kijana wetu alizima injini mbali, akatuambia tukae kimya, wakitaka watakuja. Hatukukaa sana. Kundi jingine la jeti ski lilitoka upande wa kusini, kiongozi wao mbele, likapasua katikati ya wale pomboo, likageuka, likapasua tena. Wageni walikuwa wakipiga kelele za furaha. Pomboo walizama, wakaibukia mbali, wanakwenda mbio kuelekea bahari kuu, na yule mtoto akiibuka kupumua mara nyingi kuliko mama yake.

Nilikasirika, nikamuuliza kijana wetu kama anamfahamu yule mwenzake. Akanijibu bila hasira: "Namfahamu, Mjomba. Si mtu mbaya. Yeye hana mshahara, analipwa kwa safari, na papasi aliyemletea wageni keshawaahidi pomboo. Asipowaonyesha, kesho hapewi wageni."

Naomba usome tena jibu lile, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kwa sababu ubaya wote umekaa humo. Anayeahidi ni papasi, yaani dalali wa wageni, anayepokea pesa ni tajiri, na anayebeba lawama ni kijana aliye majini peke yake, ambaye riziki yake ya kesho inategemea kumridhisha mgeni wa leo. Kumtoza faini kijana huyo pasi na kubadilisha mpango huo ni kumwonea. Mpeni leseni ambayo ni mali yake, si ya kampuni. Asiyekuwa nayo asiongoze. Na mwenye kampuni anayemfukuza au kumnyima kazi kiongozi kwa sababu alikataa kuvunja sharti, leseni yake ya biashara iwe hatarini. Hapo kijana anaweza kumwambia mgeni "hapa hatupiti" akiwa na serikali nyuma yake.

Madhara kwa pomboo si ya kubuni. Utafiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, na muda wao mwingi wanautumia kusafiri. Hizo zilikuwa boti tu, na Kizimkazi watu wamekuwa wakienda kutazama pomboo tangu miaka ya 1990. Pomboo wakihama Mnemba, hao papasi watauza nini?

Nahodha wa boti ya abiria hapewi usukani bila cheti, na hakuna anayelalamika. Sisi wa kaskazini hatukuhadithiwa ajali ya baharini ni nini: meli ya Spice Islander I ilizama Septemba 2011, na walionusurika waliletwa hapa Nungwi. Kiongozi wa jeti ski tano zenye watu wawili wawili ana roho kumi nyuma yake, na kwa namna moja kazi yake ni ngumu kuliko ya nahodha, kwani kila chombo kimeshikwa na mtu mwingine ambaye pengine ndiyo mara yake ya kwanza. Iweje huyu asiulizwe anajua nini?

Wenzetu wameshapita njia hii. Ufaransa, mtu asiye na leseni anaweza kupanda jeti ski akiwa kwenye msafara unaoongozwa na mwalimu mwenye sifa, na ndani ya mita 300 kutoka ufukweni mwendo ni noti 5, karibu kilomita 9 kwa saa. Florida hairuhusu jeti ski kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama. Kwenye pwani za magharibi na kusini za Maui, huko Hawaii, jeti ski za starehe haziingii baharini kuanzia tarehe 15 Disemba mpaka 15 Mei, kwa ajili ya nyangumi nundu na watoto wao. Nyangumi wa aina hiyo hiyo hupita kwetu wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, na kiongozi wetu anapaswa kujua afanye nini akimwona mmoja anapuliza maji mbele yake.

Mtihani ninaouomba uwe wa Kiswahili na ufanyiwe majini. Mtahiniwa aonyeshe boya la dema na boya la nyavu, ataje mlango wa mwamba na saa za maji siku hiyo, amwokoe mtu aliyeanguka bila kumkaribia huku mdomo wa nyuma ukisukuma maji, avute mashine iliyozimika, atoe huduma ya kwanza, aeleze kanuni ya mafuta na usukani kwa mgeni asiyejua Kiswahili. Upande wa pomboo na kasa, aonyeshe umbali wa kusimama. Kwenye meza ya watahini wakae pia wajumbe wa kamati za uvuvi za shehia. Hao ndio wanaojua kama kijana anaijua bahari au anaijua mashine tu. Kiongozi mmoja asibebeshwe zaidi ya mashine nne. Njia ya kutokea na kuingilia pwani iwekewe maboya, mbali na wanaoogelea na mbali na mwani. Na hakuna kutoka baada ya magharibi, wavuvi wa dagaa wanapoanza kazi yao.

Ada ya mtihani isiwe ya kumfungia mlango kijana maskini. Ikihitajika fedha, ichukuliwe kwenye ada ya kila mashine, kwani tajiri wa mashine anaimudu.

Wageni wanajaa kuanzia Disemba, kaskazi ikishaingia. Naomba kabla ya wakati huo Mamlaka ije Nungwi, iitishe kikao na viongozi wa jeti ski, wavuvi, kina mama wa mwani wa Matemwe na wenye kampuni, na kila mmoja asikilizwe mbele ya mwenzake. Vijana wale nimeshazungumza nao, yule wa kundi la pili akiwemo. Wako tayari kutahiniwa.

Wako katika ujenzi wa nchi,
Mkaazi wa Wilaya ya Kaskazini A, Unguja