Watoto Wetu na Kivuli cha Alasiri



Ndugu zetu, siku hizi mtoto akiulizwa kama Alasiri imeingia, hukimbilia simu. Simu hatuigombi. Lakini akiulizwa Alasiri inajulikana kwa alama gani, wengi hunyamaza. Hilo ndilo linalotutia wasiwasi.

Tuwatazame waliotutangulia. Katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, Syria, alikuwepo mwanachuoni Ibn al-Shatir (1304–1375). Alikuwa muwaqqit, yaani mtunza nyakati za Swala. Mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo: bamba la marumaru lenye urefu wa takriban mita 2 na upana wa mita 1, lililochorwa mistari, na chuma cha kutupa kivuli. Chuma hicho kilielekezwa sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo kilionyesha saa zilizo sawa mwaka mzima. Hesabu hizo zote zilifanywa ili watu waswali kwa wakati.

Wazazi, msingi wa elimu hiyo unafundishika uani. Simamisheni kijiti wima. Kivuli kikishafika ufupi wake wa mwisho mchana na kuanza kurefuka, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Kipimeni kile kivuli kifupi. Kivuli kikifikia urefu wa kijiti kuongeza kipimo hicho, Alasiri imeingia kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu. Kwa Imam Abu Hanifa, ni urefu wa kijiti mara mbili kuongeza kipimo hicho. Ndiyo maana simu mbili katika nyumba moja zaweza kupishana Alasiri, watu wakabishana bure, kumbe kila moja imewekewa madhehebu yake.

Kweli, saa ya jua haifai usiku wala penye mawingu, na hatusemi turudi huko. Tunasema kwamba simu nayo inakokotoa kivuli kile kile. Anayekijua kivuli ataijua simu iliyopangwa vibaya. Asiyekijua ataifuata tu.

Basi tusiwarithishe watoto ratiba bila elimu yake. Jumapili moja, kijiti kimoja na uzi wa kupimia vinatosha kuanza.

Wabillahi tawfiq.