Tasfida Isiwafiche Mabinti Ugonjwa

Mimi ni mwanaisimu, na naithamini tasfida kwani ni sitara ya lugha. Lakini mwanafunzi asemapo "tumbo linauma" nasi tukadhani ni hedhi tu, sitara hiyo hugeuka hatari. Maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu ukeni, homa, damu nje ya siku za hedhi, na uchungu wakati wa kukojoa au kujamiiana huweza kuwa dalili za uambukizo wa viungo vya uzazi, ambao aghalabu huletwa na kisonono au klamidia. Pengine dalili huwa hafifu. Ukipuuzwa, huacha makovu katika mirija ya uzazi na huweza kuleta utasa. Ukigunduliwa mapema, viuavijasumu huutibu, mradi mwenzi naye atibiwe. Walimu wenzangu, tuwafunze mabinti kuutaja mwili wao bila haya. Daktari hatibu fumbo.