Miwani ya Uhalisia Pepe: Burudani au Upweke?

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii inasadifu yaliyozifika bustani za burudani za Ulaya na Marekani tangu mwaka wa 2015, pale Europa-Park ya Ujerumani ilipoanza kuwavisha miwani ya uhalisia pepe abiria wa vigari viendavyo kasi juu ya reli zilizopindapinda.

Wenye bustani walikuwa na hoja. Kujenga reli mpya hugharimu mamilioni ya fedha, ilhali hadithi ya miwanini yaweza kubadilishwa bila kugusa chuma. Ndivyo ilivyofanya Alton Towers, Uingereza, mwaka wa 2016. Reli iliyokuwapo tangu 2002 kwa jina la Air ilibatizwa Galactica, na abiria akaonyeshwa kuwa anasafiri katika anga za mbali. Mwaka uo huo, kampuni ya Six Flags ya Marekani, kwa ushirikiano na Samsung, iliingiza miwani hiyo katika bustani zake kadhaa.

Hata hivyo, nyemi hizo hazikudumu. Picha ikichelewa kidogo tu kuliko mwendo wa kigari, abiria hushikwa na kichefuchefu. Aidha, kila miwani sharti ifutwe, ifungwe na kukaguliwa kabla ya safari, na foleni hurefuka. SeaWorld ya Orlando iliitia miwani katika reli yake ya Kraken mwaka wa 2017, ikaiondoa mwaka uliofuata. Kufikia 2019, Galactica nayo ilikuwa imeachana nayo.

Wengi huzilaumu foleni. Lakini ipo kasoro nyingine ambayo mwanafasihi huitambua upesi. Kigari chenyewe ni hadithi tayari: kinapopanda polepole hujenga taharuki, kikafika kileleni, kisha kikaporomoka. Abiria huliona poromoko mbele yake, humshika jirani mkono, wakapiga mayowe na kucheka pamoja. Miwani humfumba macho asiyaone hayo. Waliokaa bega kwa bega huwa kila mmoja na safari yake.

Somo hili linawahusu pia wanaopendekeza ngano za Kiswahili zitiwe katika miwani ya aina hiyo ili zihifadhiwe. Pendekezo lao lisibezwe, kwani wazee wasimulizi wanazidi kupungua. Ila ikumbukwe kwamba fanani atamkapo "Paukwa!", hungoja "Pakawa!" Hadhira humwitikia, humkatiza, humcheka, naye hubadilisha usimulizi wake papo hapo. Miwani itahifadhi sauti na sura ya fanani, lakini mwitikio huo utapotea usipokusudiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, yeyote atakayebuni chombo cha kuhifadhia ngano na aanze kwa kuuliza hadhira itaketi wapi, na itaitikiaje. Asipofanya hivyo, atakuwa ameacha mbachao kwa msala upitao.