Mama mbadala: ukisema "haramu", kazi haijaisha



Hapa Juja tuna JKUAT, na mbele kidogo, Thika, kuna Mount Kenya University. Zote zinafunza madaktari na wauguzi, na ndugu na dada zetu wamo. Uliza habari ya mama mbadala, yaani mwanamke anayewabebea wengine mimba, na jibu la haraka ni moja: haramu, basi.

Ni kweli, wanazuoni wengi wamekataa. Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu ilipiga marufuku mwaka 1986, hoja kubwa ikiwa nasaba. Wako wa Kishia walioruhusu. Mjadala huo tuwaachie masheikh.

Lakini wewe kesho hutakuwa kwenye darsa. Utakuwa wadi, na mama ana uchungu.

Mnaijua kesi ya JLN? Mahakama Kuu ya Nairobi iliiamua mwaka 2014. Mwanamke alijifungua pacha aliokuwa amewabebea mume na mke. Hospitali ikakwama: mama aandikwe nani? Idara ya watoto ikaitwa, na wale pacha wachanga wakapelekwa makao ya watoto. Wazazi wapo, aliyezaa yupo, hakuna aliyewatupa! Jaji Mumbi Ngugi alisema idara ilikosea, na akataka nchi iwe na sheria.

Watoto wale walikuwa na kosa gani? Tunaoshikilia nasaba ndio tungekuwa wa kwanza kuuliza.

Na huyo anayebeba je? Mara nyingi ni mwenye shida, anatafuta karo au kodi ya nyumba. Akitokwa na damu nyingi au akifanyiwa upasuaji, mwili ni wake, si wa waliomlipa. Mswada wa 2022 wa Mbunge Millie Odhiambo unakataza biashara hii. Sawa, lakini katazo bila ulinzi litasukuma mambo gizani, na atakayeumia ni yeye.

Kwa hivyo mwanafunzi wetu, shikilia msimamo wako wa dini, hakuna wa kukunyang'anya. Ila usimnunie mgonjwa, usimhubirie akiwa kitandani, wala usipeleke siri yake hosteli. Idhini ya upasuaji muombe yeye mwenyewe, hata kama waliomleta wamesimama pale mlangoni na risiti mkononi.