Treni Ikishapita, Unabaki na Nini?

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, miaka michache iliyopita alifungua duka la nguo. Ufunguzi ulikuwa wa kufa mtu: wasanii wenzake, kamera, keki ya ghorofa tatu. Wiki ya kwanza foleni hadi nje, ingawa wengi walikuja kupiga naye picha tu. Haukupita mwaka, pale pale pakawa saluni ya mtu mwingine.

Wabongo kama kawaida yetu tukasema karogwa. Wengine wakasema hela kala na mashoga zake. Mimi nasema hapana. Nguo alizokuwa anauza zilikuwepo Kariakoo, tena kwa bei ya chini. Alichokuwa nacho peke yake ni jina, na jina ni kama treni. Linasimama, watu wanakimbilia, halafu linaondoka.

Hizi habari za treni nazijua kwa sababu nimekulia Kidete, kule Kilosa. Reli ya Kati imepita pale tangu enzi za Mjerumani, na sisi tuliishi kwa kuisikilizia. Treni ikipiga honi, kila mama na sinia lake kichwani: ndizi, karanga, mihogo, miwa. Bidhaa moja, bei moja, dirisha moja. Aliyeuza sana ni aliyekuwa na mbio. Akizeeka, mwenye mbio anakuwa mwingine.

Mwisho wa mwaka 2009 mafuriko yakaja, yakaifumua reli kati ya Kilosa na Gulwe. Miezi ikapita bila treni, safari za abiria wa bara zikawa zinaanzia Dodoma. Masinia yote yakarudi uvunguni. Hapo ndipo watu wakagundua kwamba walichokuwa wanakiita biashara yao, kumbe ilikuwa biashara ya treni.

Mama yangu mdogo, naye jina kapuni maana hapendi kabisa mambo ya mitandaoni, alikuwa mmoja wao. Akahamia kwenye vitunguu. Sasa vitunguu navyo kila mtu anauza, tofauti iko wapi?

Tofauti yake ilianza na jambo dogo. Wenzake walikuwa wanang'oa leo, wanafunga gunia kesho, kwa sababu hela ilikuwa inahitajika jana. Kitunguu kibichi kikifungwa hivyo kinatoa jasho, na kikifika Dar nusu kimeoza. Yeye akawa anaanika kivulini mpaka shingo ikauke, anachambua wakubwa mbali, wadogo mbali, waliochubuka wanaliwa nyumbani. Halafu akakataa lumbesa. Lile gunia la kichwa kirefu limepigwa marufuku kisheria, lakini sote tunajua linavyotembea usiku. Yeye anapima kwa mizani, mnunuzi akiwa anaangalia.

Msimu wa kwanza alichekwa. Alipata hasara pia, tusidanganyane, maana kuanika kunakula siku na kuchambua kunapunguza magunia. Msimu wa tatu wanunuzi wawili wa Dar wakaacha kabisa kuja kukagua mzigo. Wanapiga simu, wanatuma hela, mzigo unapakiwa. Wenzake wakaiga, wakaanza kuanika na kuchambua. Wengine wakanunua hadi mizani. Lakini zile simu hawakuzipata.

Hapo ndipo penye somo. Kitu kinachonunulika dukani, mwenzako atakinunua wiki ijayo. Ofa ya bei ataishusha kesho asubuhi. Kinachomshinda ni kile kilichojengwa kwa muda: ahadi zilizotimizwa misimu kumi, mkulima anayekuletea wewe kwanza kwa sababu humkopi, mteja anayelala usingizi akijua mzigo uko kwako.

Hata wakubwa ni hivyo hivyo. Bakhresa alianza na mgahawa mdogo miaka ya 1970. Leo unga anasaga mwenyewe, na bidhaa za Azam unazikuta hadi kwenye kigenge ambacho hakina hata kibao. Kutengeneza juisi wapo wengi wanaoweza. Kuifikisha kila kona ya nchi, ikiwa pale kila siku, hiyo ndiyo kazi inayowatoa watu jasho.

Najua kuna atakayesema, tajiri akija na hela zake si atammaliza huyo mama? Anaweza kumsumbua, ndiyo. Atanunua shamba, lori na ghala. Ila uaminifu hauna duka. Na mama mdogo hajalala. Akiba ya msimu mmoja anaiweka kando ili msimu ujao awalipe wakulima palepale, mkononi. Tajiri akiwaambia wasubiri wiki mbili, hao wanarudi kwake.

Nilimuuliza siku moja kama hajutii treni. Maana sasa hivi Kidete kuna stesheni ya SGR, na tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma. Akacheka. "Mwanangu, ile vioo vyake havifunguki. Ndizi utampitishia wapi?"

Nikamkumbuka yule staa wetu. Naskia anataka kufungua tena, safari hii manukato yenye jina lake. Simtakii mabaya hata kidogo. Ila kabla hajaagiza keki angejiuliza swali moja, na wewe mwenye genge, saluni, bodaboda au duka la mtandaoni jiulize leo: watu wakiacha kukushangaa, bei ikilingana na ya jirani, treni ikapita bila kusimama, ni kitu gani kitamfanya mteja apige simu kwako na si kwa mwingine?

Kama huna jibu, usiogope. Ila anza kuanika vitunguu vyako mapema.