Mtoto wa Nalasi akisomea maliasili, kijiji kipate nini?

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa vijijini hupata furaha na hofu kwa pamoja. Furaha kwa sababu mtoto amefaulu. Hofu kwa sababu chuo kinataka fedha, na fedha ya mkulima iko shambani.

Nalasi, kusini mwa Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, shamba hilo ni la mikorosho. Mzazi huiangalia na kujiuliza kama auze ekari mbili tatu ili mtoto akasome. Swali huwa gumu zaidi mtoto anaposema amechagua uhifadhi wa maliasili. Kwa wakulima wengi, bwana nyama ni mtu anayefika baada ya tembo kumaliza mahindi, na bwana miti ni mtu wa kukamata mkaa. Kwa nini mtu auze shamba ili mwanawe awe mmoja wao?

Kwa mtazamo wangu, fani hiyo ina faida kubwa kwa Nalasi kuliko tunavyodhani. Lakini faida hiyo haitaonekana iwapo kijana atasoma kwa ajili ya kungoja ajira ya serikali tu.

Tuanze na hesabu. Shahada ya misitu au ya wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, huchukua miaka mitatu. Mkorosho nao huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa, kisha huendelea kuzaa kwa miaka mingi. Anayeuza mikorosho inayozaa anatoa kipato cha kila msimu ili apate mshahara ambao hauna uhakika. Kwa mkulima hiyo ni biashara mbaya. Mzazi aanze na maombi kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kisha aongezee kwa mapato ya msimu. Shamba lenyewe libaki. Naye kijana aelewe kuwa mkopo ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize.

Ajira zenyewe ziko wapi? Wengi hutazama hifadhi za taifa, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na halmashauri za wilaya. Nafasi hizo zipo, lakini hugombewa na vijana wa nchi nzima. Kazi ambayo haina foleni iko kijijini.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kukusanya mapato ya miti inayovunwa humo, kwa kufuata kanuni na vibali. Misitu ya miombo ya Tunduru ina mninga, mkongo na mpingo. Lakini ili kijiji kifaidike, lazima kiwe na mipaka inayojulikana, hesabu ya miti, mpango wa uvunaji na sheria ndogo. Mpingo huweza kuchukua zaidi ya miaka 70 kufikia umri wa kuvunwa. Asiyejua ana miti mingapi na inakua kwa kasi gani, atauza mtaji akidhani anauza faida.

Wenzetu wa Kilwa, mkoani Lindi, wameonyesha kuwa inawezekana. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, kwa msaada wa shirika la MCDI. Vijiji hivyo vilihitaji wataalamu wa kuhesabu miti na kuandaa mipango. Kijiji kisicho na mtaalamu wake hungoja shirika au mfadhili afike, na huku mfanyabiashara wa magogo hangoji.

Upande wa pili ni tembo. Tunduru iko katika ushoroba unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, na tembo huvuka Mto Ruvuma kwenda na kurudi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Jina lenyewe linajieleza: ni kufuta jasho, si kulipa mavuno.

Nchini Kenya, eneo la Sagalla karibu na Tsavo, wakulima walianza kutumia uzio wa mizinga ya nyuki, kutokana na utafiti wa Lucy King. Mizinga hutundikwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Asali nayo huuzwa. Je, njia hiyo inafaa Nalasi? Mizinga inagharimu kiasi gani kwa ekari, na kiangazi nyuki watabaki? Anayepaswa kutupatia majibu ni huyo mtoto tunayemsomesha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi aombe kufanya mazoezi kwa vitendo na utafiti wa mwaka wa mwisho nyumbani. Ahesabu miti ya kijiji, au aandike mwezi kwa mwezi mashamba yaliyovamiwa na tembo. Taarifa hiyo abakize nakala katika ofisi ya kijiji.

Pili, kijiji au chama cha msingi kichangie mwanafunzi mmoja kwa mkataba. Najua wakulima wa korosho wamechoshwa na makato. Ndiyo maana mchango huo uamuliwe na mkutano mkuu, uwe wa muda maalumu, uandikwe kwenye muhtasari na matumizi yake yasomwe hadharani. Naye mwanafunzi, akimaliza, akifanyie kijiji kazi zilizotajwa kwenye mkataba. Hataishi kwa mchango, hivyo msitu ukianza kuingiza fedha alipwe kwa kazi aliyofanya.

Tatu, si lazima kila mmoja apate shahada. Chuo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo, jirani zetu, hufundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, na Olmotonyi mkoani Arusha kuna chuo cha misitu. Cheti cha nyuki kinaweza kumrudishia mzazi fedha yake mapema kuliko shahada.

Wafanyabiashara wadogo nao wahusike. Mnunuzi wa mbao anahitaji mzigo wenye vibali usiokamatwa njiani, na mnunuzi wa asali anahitaji asali safi. Wote wanamhitaji mtaalamu huyo.

Kabla ya kuuza mkorosho hata mmoja, mzazi na mtoto wakae chini. Mzazi amwulize: "Ajira ikichelewa miaka miwili, utafanya nini hapa Nalasi?" Kama kijana ana jibu, asaidiwe kwa nguvu zote. Kama hana, walitafute pamoja kabla hajajaza fomu ya chuo.