Kiti cha meya: kura ya nne ambayo haijafika mwisho

Tarehe 20 Desemba 2023, mkaaji wa Goma aliyeingia kupiga kura alichagua mara nne kwenye mashine: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na konseye wa komine. Siku ileile, mkaaji wa Butembo alichagua mara tatu tu. Kwake konseye hakuwamo.

Kampeni ilijaa picha za wagombea urais na ubunge, na ile kura ya nne wengi hawakuijali. Lakini ndiyo peke yake inayoweza kumfikisha mkaaji wa kawaida karibu na kiti cha meya wa mji wake. Tangu katiba ya 2006, kiti hicho hakijakaliwa na mtu aliyechaguliwa: si Goma, si Bukavu, si Bunia, si Beni, si Butembo, si Kisangani. Mameya wote waliwekwa.

Kwa hiyo siku mbio za umeya zitakapofunguliwa, zitakuwa za kiti kisicho na mwenyewe. Hakuna mgombea atakayesema "mlinichagua, nikafanya hivi na hivi". Wafanyabiashara, watu wa vyama, watu wa shirika la raia, walimu wa univasite, vijana, hata wale waliowahi kuwekwa kwenye cheo hicho, wote wataanza mstari mmoja. Swali kubwa si nani atashinda. Ni mkaaji atakuwa na sauti gani siku hiyo.

Ngazi ya vipandio vitatu

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na sheferi iliweka njia ya kufika kwenye kiti cha meya. Ni kama ngazi. Kwenye kipandio cha kwanza, wakaaji wanachagua wao wenyewe makonseye wa komine. Kwenye cha pili, makonseye hao wanachagua baraza la mji. Kwenye cha tatu, baraza la mji linachagua meya na msaidizi wake. Wanaweza kumchukua mtu wa ndani ya baraza au wa nje. Burgumestre naye anachaguliwa na makonseye wa komine yake.

Maana yake ni hii: mkaaji wa Kadutu hataona siku moja mashine yenye picha za wagombea umeya wa Bukavu. Atachagua konseye wa Kadutu. Makonseye wa Kadutu, Ibanda na Bagira watachagua baraza la mji, na baraza litachagua meya. Mkaaji anasikika mara moja tu, pale mwanzoni. Akimpa kura yake mtu aliyemgawia kitenge na kilo moja ya chumvi, hana nafasi ya kurekebisha mpaka miaka mitano ipite.

Kinshasa iko peke yake katika jambo hili. Mji mkuu una cheo cha jimbo, na anayeuongoza ni gavana.

Juu ya nini ngazi imekatika

Mwaka 2006 watu walichagua rais na wabunge, kura ya komine ikaachwa kwa baadaye. Mwaka 2011 ikawa vilevile. Mwaka 2018 tena vilevile. Mwaka 2023 tume ya uchaguzi, CENI, ilianza kwa mara ya kwanza, lakini juu ya ukosefu wa franga na vifaa kura ya makonseye ilifanyika tu kwenye komine za makao makuu ya majimbo. Goma, Bukavu, Bunia, Kindu, Kisangani na Kalemie ziliingia. Butembo, mji mkubwa wa biashara wenye komine nne, ulibaki nje kwa sababu si makao makuu ya jimbo. Beni vilevile, Uvira vilevile. Masisi na Rutshuru hawakupiga kura yoyote juu ya vita.

Hata pale makonseye walipochaguliwa, vipandio viwili vilivyobaki vilisogezwa mbele. Wakati wa kungoja, mameya wanawekwa kwa amri ya rais wa jamhuri.

Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko na hali yao. Tangu tarehe 6 Mei 2021 majimbo haya mawili yako chini ya utawala wa kijeshi, ule kila mtu anaita état de siège. Gavana ni mwanajeshi. Kwenye ofisi za mameya waliingia maofisa wa polisi na wa jeshi. Ulitangazwa kwa siku 30, kisha bunge likawa linauongeza siku 15 baada ya siku 15. Oktoba 2023 rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba utalegezwa polepole. Lakini Aprili 2024, majimbo mengine yalipochagua magavana, Kivu ya Kaskazini na Ituri hazikuwamo.

Halafu vita ikafika mijini kwenyewe. Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, ziliingia mikononi mwa AFC/M23, ambayo iliweka wakubwa wake, mameya wakiwa ndani, watu ambao serikali ya Kinshasa haiwatambui. Ni miji ileile ambayo wakaaji wake walikuwa wamechagua makonseye miezi kama 14 tu kabla.

Kwa hiyo mashariki imejua meya wa namna tatu: wa amri ya rais, wa état de siège, na wa AFC/M23. Hawafanani, na waliofika kwa njia hizo hawako upande mmoja. Lakini kwenye jambo moja wako sawa: hakuna hata mmoja ambaye mkaaji wa kartie aliulizwa juu yake.

Meya anamwangalia nani?

Mtu anamwangalia yule aliyemtilia sahihi kwenye karatasi ya kazi. Meya aliyewekwa anajua kwamba karatasi ilitoka juu, na inaweza kuondolewa kutoka juu. Takataka zikijaa kando ya soko, mtaro ukiziba na mvua ikaingiza maji ndani ya nyumba za watu, wakaaji watapiga kelele redioni. Kelele hizo haziwezi kumwondoa. Anaweza pia kuwa mtu mzuri na mchapakazi, na wa namna hiyo walikuwapo. Lakini uzuri wake unategemea moyo wake, si sheria.

Sheria ya 2008 ilitaka jambo lingine. Meya ndiye mwenye sahihi ya kwanza kwenye matumizi ya mji, lakini bajeti inapitishwa na baraza. Baraza linaweza kumwita, kumuuliza, hata kumwondoa. Bila baraza, yule mwenye kutumia franga hana wa kumuuliza pale mjini. Mama anayelipa taksi sokoni kila asubuhi anapewa tiketi. Lakini hakuna mchaguliwa wa mji mwenye kazi ya kuuliza tiketi ngapi ziliuzwa mwezi huu, na franga zilifika wapi.

Kuna pia franga zinazopaswa kutoka Kinshasa. Katiba, kwenye kipengele cha 175, inasema majimbo yana haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba miji, komine, sekta na sheferi zina haki ya asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Kwa hesabu ya sokoni, kwenye kila franga 100 za mapato hayo, 40 ni za jimbo, na ndani ya hizo 40, 16 ni za miji, komine, sekta na sheferi. Kila mtu aliyefanya kazi kwenye ofisi ya mji anajua kwamba kinachofika ni kidogo na kinachelewa. Meya aliyewekwa atagombana namna gani na yule aliyemweka juu ya franga hizo 16? Meya mwenye baraza nyuma yake anaweza kuzidai bila kuogopa kwamba kesho amri nyingine itasomwa kwenye televisheni.

Wanaotetea maofisa kwenye viti vya meya wana sababu yao: wakati wa vita amri inapaswa kwenda haraka, na raia hawezi kuwaamuru askari. Sababu hiyo ina uzito. Lakini état de siège iliahidiwa kurudisha amani, na baada yake mauaji hayakukoma katika eneo la Beni wala Ituri. Wakati huohuo, kazi za kawaida za mji, kama soko, usafi na barabara za kartie, zilibaki bila mtu wa kuzijibia mbele ya wakaaji.

Ukweli mwingine lazima usemwe pia. Meya aliyechaguliwa hatamaliza vita. Ataongoza kamati ya usalama ya mji, lakini jeshi na polisi wanapokea amri kutoka Kinshasa. Mgombea atakayeahidi kufukuza ADF akiwa meya atakuwa anawadanganya watu. Maji, soko, salongo, taa, hesabu iliyo wazi: hayo ndiyo ya kumuuliza.

Wachaguzi wachache, franga nyingi

Ngazi ya vipandio vitatu ina hatari yake, na Kongo imeshaiona. Machi 2019, wabunge wa majimbo walichagua maseneta. Malalamiko juu ya kura kununuliwa yalikuwa mengi hivi kwamba rais alisimamisha kuingizwa kwa maseneta na kuahirisha kura ya magavana. Baadaye maseneta waliketi na magavana wakachaguliwa. Lakini watu walishika somo: wachaguzi wakiwa wachache, tajiri anaweza kuwatembelea nyumba kwa nyumba usiku mmoja.

Baraza la mji litakuwa na watu wachache kuliko bunge la jimbo. Mgombea umeya mwenye franga hahitaji kuwashawishi wakaaji wa mji mzima. Anahitaji nusu ya watu wa baraza na mmoja zaidi. Dawa ya hatari hiyo haiko kwenye kipandio cha tatu, kwa sababu pale mkaaji hayupo. Iko kwenye cha kwanza. Konseye anayejulikana kwenye kartie, ambaye majirani wanajua anaishi wapi na watoto wake wanasoma wapi, anaogopa aibu kuliko konseye aliyeletwa na chama dakika ya mwisho. Na kama kura ya kuchagua meya itafanyika mchana, redio zikiwa ndani ya chumba, itakuwa vigumu zaidi kuificha biashara.

Somo la zamani

Kuchagua wakubwa wa mji si jambo jipya kabisa Kongo. Desemba 1957, chini ya Wabelgiji, wakaaji wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipiga kura za komine. Wanawake hawakuruhusiwa. Joseph Kasa-Vubu akawa burgumestre wa Dendale, komine ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na siku ya kuingia kazini, mwaka 1958, aliitumia nafasi hiyo kudai uchaguzi wa nchi nzima. Mlango ulikuwa mdogo, lakini kitu kikubwa kilipita ndani yake.

Upande wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mambo yalikwenda vingine. Maburgumestre Waafrika waliochaguliwa walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, wengi wa Kasai. Waliojiita wenyeji walichukizwa, na mwaka uliofuata chama cha Conakat kikazaliwa. Jibu la "huyu si wa hapa" lilizaa machungu ambayo Katanga iliyalipa kwa miaka mingi.

Miji ya mashariki leo imejaa watu waliokimbia vita vijijini, pamoja na wafanyabiashara na wanafunzi kutoka kila pembe. Mbio za umeya zikigeuka hesabu ya makabila, nani mwenyeji na nani mgeni, kiti kitakuwa kimepata mchaguliwa na mji utakuwa umepoteza amani yake ya ndani.

Cha kufuata sasa

Hamu ya kuchagua haikosi. Tarehe 30 Desemba 2018, kura ya Beni na Butembo ilipoahirishwa juu ya Ebola na ukosefu wa usalama, wakaaji wa Beni walijipangia kura yao wenyewe. Walisimama kwenye foleni, wakapiga, wakahesabu. CENI haikuihesabu, na mpaka wanachagua wabunge wao tarehe 31 Machi 2019, rais mpya alikuwa ameshaapa.

Kuna maswali matatu ya kuuliza kila mbunge na kila mgombea anayepita. La kwanza: lini Butembo, Beni na Uvira zitachagua makonseye? La pili: makonseye wa 2023 wa miji iliyochagua watafanya lini kazi ya kuchagua baraza na meya, au muda wao utapita bure? La tatu: franga za kura ya komine ziko kwenye bajeti gani ya taifa, na ngapi?

Na kwa wakaaji wa miji iliyochagua 2023, liko swali la nne, ambalo halihitaji Kinshasa kulijibu: konseye wa komine yako anaitwa nani?